Kambi za afya Mombasa: tunahesabu waliopimwa, tunasahau waliorudi

Mwaka ukielekea ukingoni, hospitali za jamii hapa Mombasa hutoa hesabu ya kambi zao za matibabu ya bure. Picha ni zile zile: mahema meupe kwenye uwanja wa shule, foleni ya kina mama waliojitanda leso kujikinga na jua, mheshimiwa amekunja mkono wa shati apimwe presha mbele ya kamera. Chini ya picha ni idadi. Waliopimwa sukari wangapi, waliotazamwa meno wangapi, waliopewa dawa za minyoo wangapi. Idadi ikipita ya mwaka jana, basi mwaka ulikuwa mzuri.

Sina ugomvi na kambi zenyewe. Mtu wa Shika Adabu au Miritini, ambaye kumwona daktari kunamla nauli na kibarua cha siku nzima, ana haki ya kufurahi daktari akimfuata mtaani. Ugomvi wangu ni na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoamua kambi ya mwaka ujao itakuwaje. Ukilipwa sifa kwa vichwa, utatafuta vichwa.

Zipo kazi ambazo kambi ya siku moja huzimaliza hapo hapo. Mzee asiyeona tena herufi za msahafu kwa karibu hupimwa macho, akavishwa miwani ya kusomea, akaenda zake anasoma. Mtoto aliyekosa chanjo akachanjwa. Jino bovu likang'olewa. Damu ikatolewa, ikaingia baridini. Kwa kazi hizi kuhesabu watu ni sawa kabisa, na ningependa hospitali zetu zifanye nyingi zaidi, hasa za macho, maana miwani ya kusomea ni kitu cha bei ndogo na mshonaji wa Kongowea asiyeweza kutunga uzi sindanoni amepoteza riziki, si macho tu.

Presha na sukari si kazi za namna hiyo. Hapo kambi haimalizi chochote, inafungua faili tu.

Tazama presha inavyopimwa kambini. Kila muuguzi anaujua utaratibu: mtu aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa, na asizungumze mashine inapojaa upepo. Sasa mlete mzee aliyekuja kwa miguu kutoka Junda, njiani akapitia kwa muuza kahawa akapiga vikombe viwili vya kahawa chungu na kashata, akasimama foleni juani hadi saa tano, kisha akaketishwa kwenye kiti cha plastiki kisicho na pa kuweka mkono. Muuguzi anamfunga ile kanda huku anamuuliza jina, umri na nambari ya simu, na mzee, kwa adabu, anajibu yote. Mashine inaandika 158 kwa 96. Na kama aliyeketi ni kijana wa bodaboda mwenye muguka shavuni, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, nambari itaruka zaidi, kwa kuwa muguka wenyewe unaongeza mapigo ya moyo na presha.

Nambari ile haisemi kwamba mzee ana ugonjwa wa presha. Huenda anao, huenda ni kahawa na jua. Ndiyo maana daktari, isipokuwa presha imepanda kupita kiasi, hutaka vipimo vya siku zaidi ya moja vikiwa 140 kwa 90 au zaidi kabla ya kumwanzishia mtu dawa ambazo huenda atazimeza maisha yake yote. Kambi haina siku ya pili. Jioni mahema yanakunjwa, na mzee ameandikwa katika hesabu ya mwaka kama mtu aliyehudumiwa.

Sukari nayo ni hivyo hivyo. Kipimo cha kidole kwa mtu aliyefungua kinywa kwa mahamri na mbaazi na chai ya maziwa hakisemi sawa na kipimo cha aliyelala na njaa. Aliyefunga tangu usiku, 7.0 (milimoli kwa lita) inatosha kumtia daktari shaka. Aliyekula, hata 9 inaweza isiwe na maana kubwa. Nimeona makaratasi ya kambi yaliyoandikwa nambari ya sukari bila kusema mtu alikuwa amekula au la. Daktari atakayeipokea karatasi hiyo ataanza upya, na ana haki.

Wanaozitetea kambi hutaja utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Ulikuta karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Kwa sukari, karibu tisa katika kila kumi hawajawahi kupimwa. Kwa hiyo, wanasema, tupime, tupime, tupime. Hoja ina nguvu. Ila data za utafiti huo huo zina sehemu ya pili ambayo haitajwi sana jukwaani: katika wale waliokwisha kujua kwamba wana presha, ni kama robo tu waliokuwa wakitumia dawa, na katika hao wanaotumia dawa ni kama nusu tu ambao presha ilikuwa imeshuka inavyotakiwa. Yaani shimo haliko kwenye kupima peke yake. Shimo kubwa liko baada ya mtu kuambiwa.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kanuni za wataalamu Wilson na Jungner kuhusu kuwapima watu wasio na dalili. Miongoni mwa kanuni hizo ni kwamba usimtafute mgonjwa kabla ya kuhakikisha ipo tiba inayokubalika na pana mahali pa kuipatia. Tiba ya presha ipo, na si ghali: amlodipini na dawa za kupunguza maji mwilini ni miongoni mwa dawa rahisi kwenye rafu yoyote ya famasia. Tatizo ni hapo mahali pa kuipatia.

Mama mmoja anayeuza viazi karai kule Mtopanga alinionyesha karatasi yake ya kambi, imekunjwa mara nne ndani ya kibeti pamoja na picha ya pasipoti ya mwanawe. Juu kuna nembo ya waandalizi na ya mfadhili, kubwa, za rangi. Chini kuna nambari mbili za presha, tarehe, na maneno "aende hospitali". Hospitali ipi? Siku gani? Amuulize nani? Hapakuwa na jina la kituo wala nambari ya simu. Alikuwa ameihifadhi vizuri sana, kama mtu anavyohifadhi hati ya shamba, na hakuwa amekwenda popote.

Wala si ujinga wake. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mgonjwa wa kawaida hana hakika ataulizwa nini mlangoni. Kwa jinsi sheria za 2023 zilivyopanga, huduma za msingi katika zahanati na kituo cha afya zinalipiwa na hazina ya huduma za msingi kwa kila aliyejisajili, hata kama hajatoa mchango. Akipanda hospitali ya ngazi ya juu, ndipo mchango unapoulizwa, na kwa muuza viazi asiye na mwajiri huo ni kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, zikiwa zimepangwa kulipwa za mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hivyo karatasi inayosema "aende hospitali" inampeleka pale ambapo huenda akarudishwa, ilhali zahanati iliyo karibu na kibanda chake ingempima tena wiki ijayo bila malipo. Neno moja tu lililoandikwa kwa haraka, na mtu amepelekwa mlango usiokuwa wake. Kambi nyingi sasa zina meza ya kusajili watu SHA, na hilo ni jambo la maana. Basi anayetoka meza hiyo aelezwe pia usajili wake unamfungulia kituo gani.

Kuna ugonjwa mmoja ambao nchi hii ilijifunza kuuhesabu ipasavyo, nao ni Ukimwi. Zamani na huko pia tulihesabu waliopimwa. Kisha hesabu ikabadilishwa: kati ya wenye virusi, wangapi wanajua hali yao; kati ya wanaojua, wangapi wako kwenye dawa; kati ya walio kwenye dawa, wangapi virusi vyao vimedhibitiwa. Mpimaji hakuridhika tena na kutoa majibu. Alimsindikiza mtu hadi kliniki, na asipoonekana siku yake alipigiwa simu, na asiposhika simu alitafutwa nyumbani. Kampeni za polio vilevile. Wenyeji wa Majengo na Likoni wanakumbuka alama za chaki mlangoni na wino kwenye kidole cha mtoto. Aliyekosa leo alirudiwa kesho. Hatukosi maarifa ya kumfuata mtu, basi. Tunayo, na yako kwenye ofisi za hospitali hizo hizo zinazoandaa kambi za presha. Fedha za Ukimwi zilikuja na masharti ya hesabu kali, za kambi za wikendi huja na bango la mfadhili, na kila moja ikapata kilichodaiwa.

Halafu kuna kalenda. Ukiipanga mipango ya mwaka ya hospitali yoyote ya jamii ukutani, utaona imeshonwa kwa siku za dunia: saratani 4 Februari, figo Machi, presha 17 Mei, moyo 29 Septemba, matiti Oktoba nzima, kisukari 14 Novemba, Ukimwi 1 Desemba. Siku hizo zinasaidia kupata wafadhili na nafasi redioni. Lakini mwili wa mtu wa Mombasa haufuati kalenda hiyo. Unafuata Ramadhani, unafuata masika.

Chukua kisukari. Mwezi ambao mgonjwa wa sukari katika mji huu yuko hatarini kuliko yote ni Ramadhani. Mchana wote hajala, na kama anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au anajidunga insulini kwa kipimo kile kile cha siku za kawaida, sukari inaweza kumshuka alasiri akiwa kazini au kwenye tuktuk. Jioni anafuturu kwa maji ya tende, kaimati, tambi na viazi vya nazi, na sukari inapaa. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na mfungo inataka mgonjwa aonane na daktari wiki sita hadi nane kabla, apangiwe dozi ya futari na ya daku, aambiwe wazi kama hali yake haimruhusu kufunga, na afundishwe kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 anafungua hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Pia aambiwe kwamba kuchomwa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, jambo ambalo wanazuoni wengi wamelisema na ambalo wagonjwa wengi bado wanaliogopa.

Sasa, mwezi mwandamo husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Ramadhani ya 2026 iliangukia katikati ya Februari, maana yake wiki zile sita hadi nane zilikuwa kati ya Krismasi na juma la kwanza la Januari, wakati ambao ofisi nyingi zimefungwa nusu mlango. Hospitali inayosherehekea kisukari 14 Novemba kwa matembezi na fulana, kisha ikalala hadi siku ya figo, imewapita wagonjwa wake kwenye njia panda. Kikao kimoja mwezi wa Rajabu, miezi miwili kabla ya Ramadhani, katika ua wa msikiti, baada ya swala ya Ijumaa, daktari na imamu wakiwa wameketi meza moja, kingefaa zaidi. Na watu wangekuja bila kupewa fulana.

Masika ni hivyo pia. Ifikapo 25 Aprili tunaadhimisha siku ya malaria, na vyandarua vinagawiwa. Vyema. Ila tabu ambayo mji huu umeijua mara kwa mara msimu huo ni homa ya dengi: 2013, 2017, 2021, na katikati yake chikungunya iliyoingia mwishoni mwa 2017 ikaendelea 2018 na kuwaacha watu wakitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Mbu wa magonjwa hayo huuma mchana, mtu akiwa dukani au darasani, na chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Tena mbu huyo anapenda maji safi yaliyotuama, na nyumba za Mombasa zimejaa maji ya namna hiyo kwa sababu mfereji hautoki kila siku. Tunanunua kwa mkokoteni, tunajaza mapipa na madumu, tunaweka akiba. Ushauri wa "mwaga maji" unaotolewa kwenye hema hauwezi kumwingia mtu aliyeyanunua maji hayo. Kinachotakiwa ni mfuniko unaobana, kipande cha wavu na mpira wa kufungia, na mtu wa kupita nyumba kwa nyumba Machi, kabla ya mvua. Hiyo si kazi ya kambi hata kidogo, na wala haitoi picha nzuri.

Kuhusu matembezi ya afya na mazoezi ya muziki pale Mama Ngina, sitasema mengi. Tangu bustani ile itengenezwe 2019 mji umepata mahali pa kupunga upepo na kunyoosha viungo, na hilo ni jema. Lakini ukiangalia nani anakuja asubuhi ya Jumamosi na viatu vya michezo, ni yule ambaye angekuja hata bila hospitali. Hamali wa Kongowea, dereva wa matatu ya Likoni, mlinzi wa Nyali aliyemaliza zamu ya usiku, hawa huwaoni kwenye matembezi na huwaoni kambini pia, kwa sababu kambi inafunguliwa saa tatu na kufungwa saa tisa, saa za kutafuta riziki. Wanaume hawa utawakuta maskani jioni, kwenye kahawa na bao. Muuguzi mmoja na mashine mbili pale barazani baada ya isha, mara moja kwa mwezi, wiki ile ile na uso ule ule, atapima watu wachache kuliko kambi. Lakini atawapima mara ya pili.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi wa Kenya kuliko saratani nyingine yoyote, na hapa kambi inaweza kufanya kazi nzito ikitaka. Kipimo cha siki kinatoa jibu dakika ile ile: muuguzi anapaka, anasubiri kidogo, anatazama kama sehemu imegeuka nyeupe. Na ikiwa hospitali imebeba kifaa cha kuchoma kwa joto, mabadiliko ya mapema hutibiwa siku hiyo hiyo, bila rufaa, bila nauli ya pili. Inayokwamisha ni pazia. Hema lenye upande mmoja wazi, kijana wa kiume anaandikisha majina mlangoni, jirani yako yuko nyuma yako kwenye foleni anajua umeingia kupimwa nini: mama wa Kibokoni atageuka arudi nyumbani, na ripoti itaandika kwamba wanawake wa mtaa huo wana mwamko mdogo. Wapewe chumba chenye kitasa, muuguzi wa kike, na siku ya peke yao katika zahanati, uone.

Nawaelewa wanaoandaa. Mfadhili anataka idadi kabla ya mwisho wa mwaka wa fedha, mwakilishi wadi anataka kambi katika wadi yake, na hospitali yenyewe, tusifichane, inatafuta wateja. Hospitali inayojitangaza kwa kutibu watu haina dhambi. Ila ihesabu kwa uaminifu. Kama kambi ilikuta watu wenye presha ya juu, ripoti iseme wangapi walipimwa tena ndani ya mwezi, wangapi walithibitishwa, wangapi bado wako kwenye dawa baada ya miezi sita. Mwaka wa kwanza nambari zitatia aibu. Zichapishwe hivyo hivyo.

Wa kuifanya kazi ya kuwafuata wapo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, akikabidhiwa takriban kaya 100. Yule wa Mtopanga anaijua nyumba ya mama wa viazi karai, anajua hata saa anayokaanga. Mara nyingi anaitwa kambini kupanga foleni na kugawa maji, na jioni anaondoka bila orodha ya waliopatikana na presha katika mtaa wake mwenyewe. Orodha hiyo hubaki kwenye tarakilishi ya hospitali, kwa hofu ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hofu yenyewe ina msingi, lakini dawa yake ni mstari mmoja kwenye fomu ya kujiandikisha: nakubali mhudumu wa afya wa mtaa wangu apewe majibu yangu anifuatilie, sahihi au dole gumba. Na posho yake, ile ya 5,000 kwa mwezi inayogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, haina muda wa maongezi wala nauli ndani yake. Hospitali ikikodi mahema mawili badala ya manne, hapo ndipo pesa za kumpigia simu kila aliyeandikwa zitakapotoka. Na kwa asiye na uwezo wa kununua dawa zahanati inapoishiwa, mji huu una zaka inayotolewa kila Ramadhani. Maskini wana fungu lao humo kwa mujibu wa Qur'ani, na dawa za presha za mwaka mzima kwa mtu mmoja ni kitu ambacho kamati ya msikiti inaweza kukisimamia ikiwa tu hospitali itawapelekea majina ya wagonjwa, kwa ridhaa ya wagonjwa wenyewe, na bei.